Herekali wa Tambuka tumsome pamoja na daftari la mishahara

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo juu ya Herekali, kaisari wa Rumi, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwa njia ya Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728. Jina lake likitajwa katika makala za utamaduni au katika maelezo ya fasihi kwa wanafunzi, huja na maneno yaleyale: kaisari mwenye kiburi, jeshi lisilohesabika, anasa za majumba, kisha anguko. Maneno hayo yanamdhulumu mtu aliyetawala kwa shida kubwa kuliko makaisari wengi. Anasa siyo iliyompokonya Herekali Sham na Misri. Alifika vitani hazina ikiwa tupu na askari wakiwa wachache, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza ametoka katika vita vya robo karne na Waajemi.

Kwanza Tambuka penyewe. Ni Tabuk, kaskazini ya Bara Arabu, na safari ya kwenda huko ilikuwa mwezi wa Rajab, mwaka wa 9 wa Hijra, yaani mwaka 630. Masimulizi ya sira yanasema Mtume alitoka Madina na watu wapatao 30,000, akakaa Tabuk muda usiozidi siku ishirini hivi, hakukuta jeshi la Warumi, akafunga mikataba na watu wa mpakani (watu wa mji wa Ayla walikubali kutoa dinari 300 kwa mwaka), akarejea. Pigano halikuwapo. Lililopiganwa ni la Mu'ta, mwaka 629, walipouawa Zayd bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha, na huko pia Herekali hakuwapo. Mwengo alipokea visa vya vita vya Waarabu kama vilivyokuwa vikisimuliwa, akavipa Kiswahili kizito kilichodumu karibu miaka 300. Hakuwa akiandika taarifa ya jeshi, na simlaumu hata kidogo. Kosa ni letu tunaousoma utendi kana kwamba ni kumbukumbu ya siku yenyewe.

Na hapohapo niseme juu ya jina. Siku hizi waandishi wetu wanapenda kuandika "Wabizanti". Herekali asingelielewa. Yeye na watu wake walijiita Warumi mpaka mwisho. "Bizanti" lilienea katika vitabu vya wasomi wa Ulaya kuanzia karne ya 16, wakati dola lenyewe limeshakufa. Kiswahili kilipokea "Rumi" kutoka Kiarabu, na kwa jambo hili lugha yetu ilikuwa sahihi kuliko vitabu vya shule. Nitaandika Warumi.

Kisa cha mishahara kinaanza kabla ya Herekali. Mwaka 588 kaisari Mauricius alipunguza mshahara wa askari wa mpaka wa mashariki kwa robo. Askari wakaasi, wakamrushia mawe jemadari aliyewaletea habari, na ikabidi amri iondolewe. Mauricius alikuwa kiongozi hodari. Mwaka 591 alimrudisha Khosrow wa Pili kwenye kiti cha Uajemi baada ya kupinduliwa, na kwa wema huo akapewa mji wa Dara na sehemu kubwa ya Armenia bila kumwaga damu zaidi. Lakini ubahili ulimrudia. Mwaka 602 aliliamuru jeshi la Danubi lipitishe majira ya baridi ng'ambo ya mto, katika nchi ya adui, lijitafutie chakula hukohuko ili hazina ipumue. Askari walifanya hesabu yao: baridi kali, farasi waliokonda, mateka na nyara watakazonyang'anywa njiani. Wakamchagua ofisa wa cheo cha chini, Phocas, wakageuka kuelekea Konstantinopoli, mji mkuu wa dola. Mnamo Novemba 602 Mauricius alichinjwa pamoja na wanawe.

Khosrow akapata sababu aliyokuwa akiitafuta. Alitangaza kwamba analipiza kisasi cha mfadhili wake, na vita vilivyoanza mwaka 603 havikuisha mpaka 628.

Herekali hakuvianzisha, alivirithi. Baba yake, aliyeitwa Herekali vilevile, alikuwa gavana wa Karthago, Afrika ya Kaskazini. Mwaka 608 waliasi wakazuia meli za nafaka, na tarehe 5 Oktoba 610 kijana akavikwa taji Konstantinopoli, Phocas akauawa siku hiyohiyo. Kilichofuata ni miaka kumi ya hasara tupu: Antiokia na Dameski mwaka 613, Yerusalemu 614, ambako Waajemi walichukua Msalaba na Patriaki (askofu mkuu) Zakaria, Aleksandria mwaka 619. Hapa ndipo penye aya za mwanzo za Surat Ar-Rum, zinazosema Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu na kwamba watashinda tena baada ya miaka michache. Wasomaji wengi wanazihifadhi kwa moyo bila kuambiwa ni vita gani. Ni hivi.

Sasa tuangalie sarafu, maana hapo ndipo mtu anapoona dola linavyovuja. Dinari ya dhahabu ya Kirumi ilikatwa 72 katika ratili moja ya Kirumi, yaani kila moja gramu 4.5 hivi, na makaisari waliilinda kwa wivu kwa sababu kodi zililipwa kwayo. Herekali hakuigusa. Alizozigusa ni sarafu nyingine zote. Mwaka 615 alitoa sarafu mpya ya fedha ya karibu gramu 6.8, yenye maandishi ya Kilatini yanayomwomba Mungu awasaidie Warumi, akaitumia kuwalipa watumishi kwa nusu ya kiwango cha zamani. Nusu! Mauricius alipunguza robo akapata maasi. Herekali alikata nusu na watu wakakaa kimya, kwa kuwa kila mtu aliona moto uko mlangoni. Sarafu ya shaba, ambayo ndiyo mwananchi aliyonunulia mboga, ilizidi gramu 20 katika miaka mizuri ya Justinian, kaisari wa karne ya 6. Herekali anakufa ina kama gramu 5. Mafundi hawakuwa hata na muda wa kuyeyusha shaba: walikata sarafu kuukuu na kugonga chapa mpya juu ya ile ya kwanza, na ukizitazama leo utaona herufi za kaisari aliyetangulia zikichungulia chini ya uso wa Herekali.

Mwaka 618 mkate wa bure wa Konstantinopoli ukasimamishwa. Ulikuwa ukitolewa kwa vizazi kwa ngano ya Misri, na njia ya ngano hiyo ilikuwa inakatika. Aliyezoea kupanga foleni na tikiti yake aliambiwa kwanza alipe, kisha akaambiwa hakuna kabisa.

Kwa hiyo kaisari alipoamua kushambulia, alikopa kanisani. Patriaki Sergius aliruhusu vinara na vyombo vya dhahabu na fedha vya Kanisa Kuu viyeyushwe kuwa sarafu. Ulikuwa mkopo, wenye deni la kurudishwa, na deni hilo lilimfuata mpaka baada ya ushindi. Tarehe 5 Aprili 622, siku iliyofuata Pasaka, Herekali akatoka mjini mwenyewe. Makaisari walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 200 bila kuongoza jeshi uwanjani kwa kawaida, isipokuwa mara chache, na washauri wake hawakuipenda safari hiyo. Hakwenda kupigana moja kwa moja. Alikaa Bithinia, ng'ambo ya pili upande wa Asia, akifundisha watu: vikosi viwili vikisimamishwa uso kwa uso, vikigombana kwa silaha za mazoezi, vikijifunza kurudi nyuma kwa hila na kugeuka tena bila kuvunja safu. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona Mwajemi akikimbia. Baada ya miezi kadhaa wakamwona.

Kisha ikambidi arudi nyumbani kwa sababu ya Waavari, taifa la wapanda farasi lililokuwa likisukuma kutoka upande wa Danubi. Mwaka 623 walimvizia karibu na Herakleia, akaponea chupuchupu. Amani aliyoinunua kwao ilifikia dinari 200,000 pamoja na jamaa zake waliowekwa rehani. Piga hesabu: ni dhahabu ya kilo 900, iliyotoka katika hazina iliyokuwa imeanza kuyeyusha vinara.

Mwaka 626 ndio unaostahili kusomwa polepole. Herekali alikuwa mbali mashariki. Jeshi la Waajemi la jemadari Shahrbaraz lilipiga kambi Kalkedoni, upande wa Asia, na Waavari pamoja na Waslavi wakauzingira mji kwa bara tangu tarehe 29 Julai mpaka 7 Agosti. Mshairi wa wakati ule alitaja washambuliaji 80,000, na mji ulikuwa na askari kama 12,000. Kwa nini haukuanguka? Kwa sababu maadui wawili walitenganishwa na mkono mwembamba wa bahari, na meli zilikuwa za Warumi. Waajemi hawakuwa na chombo hata kimoja. Waslavi walikuwa na mitumbwi ya gogo moja, ya aina ambayo mvuvi wa kwetu angeijua mara moja, na mpango ulikuwa kuwavusha Waajemi kwa mitumbwi hiyo. Mtumbwi wa gogo mbele ya jahazi la vita lenye kichwa kirefu hauna kinga: ukigongwa ubavuni unapinduka na waliomo wanakufa maji. Jaribio la kwanza likafia njiani. Siku ya mwisho Waslavi walisubiri ishara ya moto kutoka Blakernai, pembe moja ya mji, ili watoke pamoja na shambulio la bara. Bonus, msimamizi wa mji, aliijua ishara hiyo akawasha moto yeye mwenyewe kabla ya wakati. Mitumbwi ikatoka, meli za Warumi zilikuwa zikiingojea. Chakula cha Waavari nacho kilikuwa kinaisha, maana watu wengi waliokaa mahali pamoja hula nchi mpaka udongo. Wakachoma mitambo yao wakaondoka.

Aliyeokoa Konstantinopoli, basi, ni Sergius, Bonus na mabaharia. Herekali aliuacha mji wake mikononi mwao kwa sababu alijua akirudi anapoteza mashariki yote, na uamuzi huo naona ulihitaji moyo kuliko pigano lolote alilopigana.

Akafunga urafiki na Waturuki wa Magharibi, wakauzingira Tiflis mwaka 627, na majira ya baridi yalipofika Waturuki wakarejea kwao. Majeshi ya zama hizo kwa kawaida yalipumzika baridi ikianza. Yeye akateremka kusini kuelekea Mesopotamia, akavuka mto Zabu Mkubwa, huku jemadari wa Waajemi, Rahzadh, akimfuata nyuma katika nchi ambayo waliotangulia wameshakula malisho yake. Hilo ni jambo la kuzingatia: anayetangulia ndiye anayekula, anayefuata hukuta mabua, na farasi wa Rahzadh walichoka kabla ya vita. Tarehe 12 Desemba 627 walipigana karibu na magofu ya Ninawi, jirani na Mosul ya leo, na Rahzadh akauawa. Januari 628 Warumi wakaingia jumba la Khosrow la Dastagird. Humo walikuta bendera 300 za Kirumi zilizotekwa miaka mingi nyuma, na shehena ya udi, hariri, pilipili, sukari na tangawizi. Msomaji wa pwani ya kwetu hahitaji kuelezwa bidhaa hizo zilikuja kwa bahari gani.

Walichoweza kubeba walibeba, kingine wakachoma. Wengine wangelisukumwa na ushindi mpaka Ktesifoni, mji mkuu wa Uajemi. Herekali alifika kwenye mfereji wa Nahrawan, akakuta madaraja yamekatwa, akageuka. Hakuwa na mitambo ya kuzingira wala chakula cha kumngojea adui, na aliamini kwamba aibu ya Dastagird itafanya kazi iliyobaki. Ikafanya: mwishoni mwa Februari Khosrow alipinduliwa na wakuu wake na kuuawa, mwanawe Kavad akaomba amani. Tarehe 21 Machi 630 Msalaba ulirudishwa Yerusalemu. Linganisha na mwaka wa Tabuk: ni mwaka uleule.

Mwenye kusoma utendi akumbuke basi hali ya nchi siku hiyo. Sham ilikuwa imekaa chini ya Waajemi tangu 613 mpaka walipohama baada ya makubaliano ya mwaka 629. Misri kwa miaka kumi. Kijana wa Dameski wa miaka ishirini hakukumbuka kabisa kumlipa kodi karani wa Kirumi. Madaftari ya kodi yalikuwa yamevurugika, ngome za jangwani zilikuwa tupu, na kanisa lilikuwa linadai vyombo vyake. Herekali alianza kulilipa kanisa kiasi kila mwaka. Fedha hiyo ilipaswa kutoka mahali fulani, na ilitoka kwa askari.

Kuna kisa kimoja kilichohifadhiwa na mwandishi wa tarehe Theophanes ambacho ningependa kifundishwe kila mahali panapotajwa Tambuka. Warumi walikuwa na desturi ya kuwapa posho ndogo Waarabu waliolinda njia za jangwa karibu na Gaza. Siku moja towashi wa kaisari akaja kugawa mishahara, Waarabu hao wakajitokeza kudai haki yao kama desturi, naye akawafukuza kwa matusi: kaisari hawezi hata kuwalipa askari wake, ije kuwa mbwa hawa? Wakaenda kwa ndugu zao wa kabila na kuwaonyesha njia ya kuingia nchi ya Gaza. Waliotukanwa ndio waliojua visima. Katika jangwa, anayejua kisima anashika mlango, na mlango huo Warumi waliuuza kwa bei ya posho ya walinzi wachache.

Sasa Yarmuk, Agosti 636, vita halisi kati ya Warumi na Waislamu huko Sham, ambavyo Tambuka ya utendi imechukua nafasi yake. Wanaotaja Warumi 100,000 au 200,000 wafanye hesabu ya jikoni. Mtu mmoja anahitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Watu 200,000 wanakula tani 200, na ngamia hubeba kilo 150 mpaka 200, basi ni misafara ya ngamia zaidi ya 1,000 kila siku, mbali na majani na maji ya farasi, katika jua la Agosti. Makadirio ya wanahistoria wa leo huwa kati ya 15,000 na 40,000, na mimi naelemea upande wa chini. Majeshi hayo yalikabiliana kwa wiki nyingi kabla ya pigano kuu, na jeshi linalongoja ndilo linalodai mshahara. Mmoja wa makamanda wa Kirumi, Theodoros Trithyrios, alikuwa mtunza hazina kwa cheo. Mtunza hazina hapelekwi vitani kwa ujuzi wa upanga. Naamini alipelekwa ili askari waone kwamba fedha ipo. Mwenzake Vahan, Mwarmenia, alikuwa na watu wake, na kuna habari kwamba walimtangaza kaisari. Waarabu Wakristo wa Jabala wa Ghassan walikuwa kundi la tatu. Upande wa Waislamu Abu Ubayda na Khalid bin al-Walid walikuwa na amri moja.

Uwanja ulimaliza mengine. Warumi walipiga kambi kwenye tambarare iliyobanwa na makorongo: Ruqqad magharibi, bonde la Yarmuk kusini, kuta zake zikiwa za kushuka wima. Ni mahali pazuri pa kujilinda maadamu daraja la nyuma ni lako. Waislamu walilikamata daraja la Ruqqad usiku, na kulipopambazuka kambi yenye ngome ya asili ilikuwa imegeuka mtego. Wengi hawakuuawa kwa silaha, walianguka korongoni.

Herekali alikuwa Antiokia. Hakutuma jeshi jingine, kwa kuwa jingine halikuwapo. Aliziagiza ngome zijitetee, akaondoa watu na askari katika nchi iliyo kati ya Iskenderun na Tarso ili anayefuata asikute chakula wala mwenyeji, akarudi nyuma ya milima ya Taurus. Vitabu vya zamani husema yeye ndiye aliyegawa Anatolia (Uturuki ya leo) katika majimbo ya kijeshi na kuwapa askari mashamba badala ya mshahara. Wataalamu wengi wameliacha wazo hilo, mpango huo ulijengeka polepole baada yake. Lakini jeshi lililotumika kuujenga ni hilo alilolivusha milima badala ya kulitupa katika pigano la pili. Kwa jeshi hilo mji wake haukutekwa na Waislamu mpaka tarehe 29 Mei 1453, miaka 817 baada ya Yarmuk.

Alikufa tarehe 11 Februari 641, mwili umevimba maji, wakati Amr bin al-As, jemadari wa Waislamu, alikuwa ameizingira ngome ya Babiloni kule Misri. Alizikwa na taji lake. Mwanawe Konstantino alitawala miezi michache tu, na katika miezi hiyo alilifungua kaburi la baba yake akalitoa taji hilo, lililokadiriwa kuwa na thamani ya ratili 70 za dhahabu.

Msomaji wenu,
Mombasa